Mkunjo Uliokaa Mahali Pasipo Pake

Machi 11

Mvua ya kwanza imeshuka leo, na imetuletea kazi. Mama mmoja mwenye koti la mvua amesimama mlangoni pa karakana akiwa amekumbatia furushi la kitambaa, hataki kumpa mtu. Ni mkunga mstaafu, na furushi amelishika kama alivyozoea kushika watoto wachanga. Ndani mna riwaya nene. Mchwa wamekula jalada, jina la kitabu, jina la mwandishi na ukingo wote wa chini wa kurasa, pale palipokuwa na namba. Maandishi yenyewe yamesalimika.

"Ni hadithi ya mauaji," akasema. "Ya zamani sana, enzi za ngome na mapanga. Mdogo wangu anarudi mvua zikiisha. Miaka yote hii nimemsimulia habari za kitabu hiki bila kumtajia aliyeua. Mimi, na mdomo wangu huu. Sasa nataka akisome mwenyewe."

Shangazi, mwenye karakana, alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Kisha akasema maneno niliyokuwa nayangoja tangu nianze kujifunza kujalidi vitabu: "Hiki utakifanya wewe. Mwanzo mpaka mwisho. Mimi sitii mkono."

Najua maana yake. Kuna bwana mmoja mnunuzi wa vyuma ambaye ameshakuja kuzikagua presi zetu za kubania vitabu, anazigonga gonga kama tikiti maji. Shangazi mgongo unamsumbua, hana mtoto, na amemwambia bwana huyo arudi mvua zikikatika. Nikitoa kitabu kizima peke yangu, presi zinabaki na mimi napewa muhuri wangu wa kugonga nyuma ya jalada. Nisipoweza, zinapakiwa kwenye lori. Nimeshindwa hata kula.

Machi 12

Nimekifumua. Watu hudhani kitabu ni kurasa. Kitabu ni mikunjo: karatasi kubwa zilizokunjwa, zikapangwa, zikashonwa pamoja mgongoni. Nimekata nyuzi, nimekwangua gundi ya zamani, nimebana kila mkunjo kwa kibanio chenye kikaratasi cha namba. Ncha ya penseli ilivunjika kabla ya namba ya kwanza, nikaziandika zote kwa kalamu ya wino.

Shangazi amenikumbusha sheria ya karakana. Fundi hasomi kazi ya mteja. "Jicho likianza kusoma, mkono unalala." Nikasema ndiyo, Shangazi.

Machi 15

Mvua. Nimepangusa ukungu kwa brashi kutwa nzima. Sijasoma.

Machi 16

Nimesoma sentensi moja. Sikuitafuta, ilikuwa mbele ya macho yangu. "Msimamizi wa kisima alikutwa ndani ya kisima chake, amekufa, naye alikuwa mkavu." Sasa mtu anakutwaje kisimani akiwa mkavu? Nimezunguka na swali hilo mpaka jioni, nikampaka gundi mwenzangu Kisu mkononi badala ya karatasi.

Machi 19

Naandika haraka Shangazi asinikute. Nasoma. Nimejitia hamnazo, najifanya nakagua karatasi dirishani kwenye mwanga, kumbe nasoma.

Mji umezingirwa na maadui. Maji ni ya kisima kimoja tu, na msimamizi wake amekifunga kwa kufuli, anawauzia wenye nacho. Kila jioni anateremka kwa ndoo kupima kina cha maji. Anatoweka siku kadhaa, na asubuhi moja wanamkuta ameketi ndani ya ile ndoo, katikati ya kisima, hajafika chini wala hajapanda juu. Hana jeraha. Anaitwa tabibu wa ngome afanye uchunguzi.

Huyu tabibu simpendi. Ananusa kila kitu, viatu, mikate, vidole vya watu, na kila akinusa anajua. Na mwandishi naye hana haraka. Ametupa kurasa nzima za kuta: unene wake, mawe yake, nani alijenga upande upi. Nilitaka kumshika mabega nimwambie, baba, tuna maiti kwenye ndoo hapa.

Kisu ndiye mkata karatasi wetu, mtu mzima, ana wajukuu, na tunamwita Kisu kwa sababu ya mashine yake. Nimemsimulia wakati wa chai.

"Ni tabibu," akasema papo hapo.

"Kaka Kisu, tabibu ndiye anayetafuta."

"Ndiyo maana hatampata. Atajipata wapi?"

Machi 22

Nasema ni kamanda wa lango. Kisu anashikilia tabibu. Shangazi katuuliza tunacheka nini, Kisu akasema mimi nimechekeshwa na kikohozi chake.

Machi 24

Maji yamenifika shingoni.

Shangazi alikwenda hospitali kuangaliwa mgongo. Mikunjo yote nilikuwa nimeitundika kwenye kamba ikauke, imepangika vizuri kutoka ukuta hadi ukuta. Dirisha nililiacha wazi nipate mwanga. Mwanga wa nini, mtu anayesoma haya anajua. Upepo ukaja na mvua yake kwa pamoja. Kamba ilikatika upande mmoja, ikachapa hewani, vibanio vikaruka kila pembe. Nilikuta mikunjo sakafuni na kwenye viti, mmoja ukining'inia kwenye mkono wa presi. Vikaratasi vya namba vilikuwa vimelowa, na wino wangu umetambaa mpaka hakuna namba inayosomeka. Penseli isingetambaa. Shangazi husema penseli kila siku ya Mungu.

Nilikaa chini sakafuni. Kisu alifunga dirisha, akaokota, akakung'uta, hakusema neno. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa kuokota.

"Karatasi hazijalowa sana," akasema mwishowe. "Sasa unazipanga vipi? Chini hakuna namba."

"Kwa kusoma."

"Basi soma. Mimi sijaona kitu. Na ukifika pale tabibu anapokamatwa uniite."

Sura zake hazina namba wala majina, zina picha ndogo tu juu: ufunguo, kengele, kiatu. Kwa hiyo nimeshika mkia wa mkunjo mmoja nikautafutia kichwa chake. Huu unaishia "akamshika", nautafuta unaoanza "mkono akamvuta." Kazi ya kutoa jasho, lakini kusema kweli nimeifurahia. Kila mara sentensi mbili ziliposhikana nilisikia raha kama mtu aliyepata ufunguo wake mfukoni.

Shangazi aliporudi, rundo lilikuwa mezani limenyooka, isipokuwa mkunjo mmoja niliouficha chini ya ubao. Huo hauna mkia wala kichwa. Unaanza na sura mpya na unakwisha na nukta, ukurasa umejaa barabara. Una picha ya mshumaa. Unaweza kukaa popote pale sura mbili zinapokutania kati ya mikunjo.

Machi 25

Nimeusoma. Aliyeua ni mwanamke mtengeneza mishumaa, yule aliyepita pita mwanzoni akiuza kwenye ngazi, nami hata sikumjali. Anasema yeye mwenyewe, sura nzima: "Usiku ule kisima kilipofungwa, wanangu wawili walikuwa wananyonya kitambaa kilicholowa umande." Wanawe walikufa kwa kiu. Yeye alisubiri jioni moja msimamizi alipoteremka na ndoo yake, akaikwamisha roda, gurudumu la kamba ya ndoo, kwa kipande cha mti, akashusha mfuniko, akaondoka. Msimamizi alikufa kwa kiu, mkavu, maji yakiwa chini ya miguu yake.

Niliacha chai ikapoa. Nilitoka nje nikasimama barazani mvua ikinirushia matone.

Swali ni mahali pake. Anaeleza usiku wa mwanzo kabisa wa hadithi, basi mahali pake ni mwanzoni. Kuna pengo linalofaa, sehemu moja hivi ya tatu ya kitabu, mara baada ya mazishi. Nimeuweka hapo. Umekaa sawasawa.

Machi 28

Nimekasirika. Mwandishi huyu ametutapikia muuaji kitabu kikiwa bado kichanga. Sasa kurasa zote zilizobaki tunamngoja tabibu ajue tunachokijua. Na ni mzembe vilevile: katika sura ya mshumaa tabibu anaingia akichechemea na fimbo, lakini mguu wenyewe anauvunja baadaye sana, anapoanguka ukutani. Mtu anachechemeaje kabla hajaanguka? Nimemwambia Kisu, tukamcheka mwandishi mpaka machozi.

"Na kumbe siyo tabibu," Kisu akasema baadaye, amenuna. "Sasa nitasubiri nini?"

Machi 29

Kisu ameniuliza kilichofuata kabla hata sijavua koti.

Aprili 2

Sijui nisemeje. Kitabu kinaniudhi na sikiachi. Kila mama mishumaa anapopita, na anapita karibu kila sura, mate yananikauka. Anambebea tabibu mshumaa amwangazie njia. Anamwuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sabuni, "Umepata lolote?" Tabibu anajibu bado, anamnusa mkono, anasema ana mikono yenye harufu ya nyumbani. Nilifunga mkunjo nikabaki nimeukalia. Nataka asikamatwe. Ameua mtu na nataka asikamatwe, na huyu tabibu niliyemchukia naanza kumwonea huruma, maana ni mpweke na anapenda taa ya yule mama.

Kuta bado ni ndefu mno. Kwa zile kurasa za kuta mwandishi angepewa mtu wa mkasi kama Kisu.

Aprili 3

Mvua kubwa. Nimeanza kushona. Uzi umenitii.

Aprili 9

Nimemaliza kusoma na kushona siku moja. Mwishoni tabibu anakwenda kwa mama mishumaa, anakaa kwenye kigoda, na hasemi kitu. Jina la muuaji halitajwi kabisa. Wanatazama mshumaa unavyoisha, kisha tabibu anaondoka, na asubuhi anamwambia mkuu wa ngome kwamba roda ilikwama yenyewe. Basi. Nimelia kidogo. Mwandishi asiyejua kuficha muuaji anajua kufunga hadithi, lazima nimpe hilo. Kisu naye alipangusa miwani, akasema ni vumbi la karatasi.

Aprili 11

Gundi mgongoni. Kwa unyevu huu haikauki.

Aprili 12

Haikauki.

Aprili 14

Imekauka. Nimevika jalada, kitambaa cha kijani, kona nne zimekaa kimya kabisa. Kipo kwenye presi. Shangazi alipita, akainama kwa taabu, akapitisha kidole mgongoni mwa kitabu. Kwa Shangazi hiyo ni hotuba.

Aprili 17

Leo sitaandika vizuri.

Mama Mkunga amekuja kuchungulia. Shangazi alikuwa amelala chumba cha nyuma. Nikakitoa kwenye presi nikamwonyesha, akakishika, hakukifungua hata. "Nitakifunga kwa karatasi nimpe hivi hivi," akasema. "Nikikifungua nitaanza kusoma na sitampa. Unajua nilimshuku tabibu mpaka dakika ya mwisho? Nilimshuku kamanda, nikarudi kwa tabibu, nikamshuku hata kuhani mwenye mafua. Zimebaki kurasa chache kitabu kiishe, mtu anafungua kinywa chake mwenyewe anasema, usiku ule kisima kilipofungwa. Niliangusha kikombe. Mume wangu alidhani nimepata kiharusi."

Nikamwuliza, sauti yangu naisikia kwa mbali, "Zimebaki kurasa chache?"

"Chache. Ndiyo utamu wake. Wewe umekisoma?"

"Hatusomi kazi za wateja, mama."

"Vizuri," akasema, akanipigapiga shavu, akaondoka na mwavuli wake.

Nilikwenda mwishoni mwa kitabu. Kabla ya sura ya mwisho kuna mahali sura mbili zinakutania kati ya mikunjo. Nilikuwa nimepapita bila kupatazama. Tabibu anachechemea kwa sababu ameshaanguka. Mwisho hautaji jina kwa sababu limetajwa sura moja nyuma. Mzembe niliyemcheka wiki zote hizi alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Hapa nasema ukweli, maana shajara haina wa kumdanganya. Niliwaza kunyamaza. Hatakifungua. Mdogo wake hajui kingekuwaje. Kukikata upya ni hatari, karatasi zimechoka mgongoni, zikishonwa tena zinaweza kuraruka, na mvua zinakaribia kuisha na yule bwana wa vyuma anakuja. Nikajiona nimeshika muhuri wangu. Kisha nikamwona yule mdogo mtu, anafika baada ya mazishi, anageuza ukurasa, na miaka yote ya dada yake kuuma ulimi inamwagika chini kwa sababu yangu.

Kisu alikuwa akifunga mashine yake. Nikamweleza.

"Kwa hiyo hata mimi nilidanganywa," akasema. Akafikiri. "Basi nilikuwa na haki ya kumshuku tabibu wiki mbili zaidi."

Aprili 18

Nimemwambia Shangazi. Yote isipokuwa aliyeua ni nani: dirisha, wino, kusoma, mkunjo. Nilisimama mbele ya meza yake mikono nyuma kama mtoto wa shule.

Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Nilikuambia penseli."

"Ndiyo, Shangazi."

"Nilikuambia usisome."

"Ndiyo. Lakini Shangazi, nisingesoma nisingejua kimekosewa."

"Usingesoma dirisha lingefungwa."

Akanisukumia kisu kidogo cha kufumulia. "Fungua."

Aprili 19

Nimekata kazi yangu mwenyewe. Jalada la kijani limetoka zima, ashukuriwe Mungu. Gundi nimeilainisha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo. Mikunjo miwili imeraruka mgongoni, nimeiziba kwa karatasi nyembamba. Mkono haukulala hata kidogo.

Shangazi akasema atakagua mpangilio yeye mwenyewe, maana mimi siaminiki. Akavaa miwani, akachukua mkunjo wa kwanza, akatafuta mkia, akachukua wa pili. Akaanza kuhangaika na mkia na kichwa kama nilivyohangaika. Baadaye nikaona haangalii tena mikia. Macho yake yanakwenda mstari kwa mstari. Nilikanyagwa mguu na Kisu, sote wawili tukainama kwenye kazi zetu.

Saa ya chai ilipofika hakuja. Nikampelekea kikombe.

"Huyu tabibu," akasema bila kuinua uso, "simpendi."

Aprili 20

Shangazi anasema ni kamanda wa lango. Nimeuma midomo mpaka inaniuma kweli. Kisu ametoka nje kwenda kukohoa.

Aprili 22

Mvua imekatika asubuhi, na bwana wa vyuma alifika na lori lake, na wabebaji, na kamba. Kitabu kilikuwa bado vipande mezani, na Shangazi alikuwa amebakiza mikunjo michache, miwani imeteremka puani, mkono mmoja juu ukimwashiria bwana yule asubiri. Alisubiri. Alisubiri sana, alibadilisha mguu, akatazama saa. Shangazi aligeuza ukurasa, na niliona picha ya mshumaa.

Sijawahi kumwona mtu akisoma kama nilivyomwona. Alifika katikati, akaweka kiganja kifuani. Alipomaliza alivua miwani.

"Mama mishumaa," akasema polepole. "Na alikuwa pale kwenye ngazi tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo, Shangazi."

Yule bwana akakohoa. "Mama, tuanze kubeba? Nilisema ningekuja mvua zikiisha."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Beba nini? Presi ina kazi. Huoni kitabu hakijashonwa?"

"Nirudi lini?"

"Nitakuita," akasema, akavaa miwani, akachukua mkunjo wa mwisho.

Lori liliondoka tupu. Kisu alilisindikiza mpaka kona, sijui kwa nini, akarudi anapiga mluzi. Mimi nilitia uzi kwenye sindano, nikakosa tundu, nikakosa tena, kwa furaha tu.

Aprili 25

Jua. Gundi imekauka siku moja.

Mei 3

Mama Mkunga amekuja na mdogo wake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Amesoma siku mbili mfululizo. Amesimama mlangoni palepale dada yake aliposimama na furushi. "Nilijua ni tabibu," akasema. "Niliapa. Nilikuwa jikoni nasoma huku nimesimama, na ule mshumaa ulipoanza kusema, nilikaa chini sakafuni." Mama Mkunga alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anapiga kofi mapaja. "Miaka yote," anasema, "miaka yote nimeuma ulimi." Waliondoka wameshikana mikono, wanaongea kwa pamoja, hakuna anayesikiliza.

Shangazi alisubiri wafike mbali. Kisha akanisukumia kisanduku kidogo. Muhuri wangu una picha ya mshumaa, amemwagiza mchongaji mwenyewe bila kuniuliza. "Unasoma," akasema. "Basi soma. Lakini penseli, na dirisha limefungwa."

Mei 4

Nimegonga muhuri kwenye karatasi chakavu mpaka Kisu akaniambia nimhurumie wino.

Naona nimalize kwa jambo moja lililonikaa rohoni. Watu hawa wote wamekisoma kitabu kama mwandishi alivyotaka, wakashtuka pale walipopaswa kushtuka. Mimi peke yangu sitashtuka kamwe. Nilikisoma upya kwa mpangilio wake kabla hakijachukuliwa, ni kizuri, kinafunga barabara, kuta bado ni ndefu. Lakini yule mama anayebeba mshumaa mbele ya tabibu, nami najua, naye hajui kuwa najua, na kila hatua yake mate yananikauka, huyo hayumo. Yumo mwanamke tu anayeuza mishumaa kwenye ngazi, mpaka mwisho. Kile nilichokipenda hakikuandikwa na mtu, nilikishona kwa makosa na nikakifumua kwa mikono yangu, na duniani tuliokijua ni wawili.

Nilimwambia Kisu hivyo wakati wa chai. Aliweka kikombe chini.

"Basi nisimulie tena," akasema. "Ile ya kwetu."